Kabla ya Mota, Uliza Mashine Inaanzia Kupima Wapi

Mimi ni mkereza. Maisha yangu ya kazi yamepita Shimanzi, Mombasa, nyuma ya magodauni, na sehemu kubwa ya kazi hiyo imekuwa shaba ya manjano: bushi za pampu, bushi za shafti ya pangaboi za mashua za wavuvi, viti vya vali, nati za zamani ambazo madukani hazipatikani tena. Bunduki sina na sijawahi kuitaka. Hata hivyo kuna jambo la wenye bunduki lililonifuata hadi karakanani, nikalishughulikia kwa moyo wote, na nimeona niliandike. Watu wetu walioko ughaibuni wapo wanaowinda, na wapo wanaojaza risasi zao upya, yaani hulitumia tena ganda lililokwisha kupigwa kwa kulitia kiwashio, baruti na risasi mpya. Wakifika kwenye kununua mashine ya umeme ya kupunguza maganda, ile inayokata mdomo wa ganda lililorefuka, macho yao huenda kwenye nguvu ya mota na idadi ya maganda kwa saa. Mimi nimefikia kuamini kwamba swali la kwanza ni jingine kabisa: mashine inaanzia wapi kupima?

Aliyeniletea jambo hili ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, anayeishi Minnesota kule Marekani. Huwinda kulungu wa huko msimu ukifunguliwa mwezi wa Novemba, na miezi mingine hulenga shabaha kwenye uwanja wa kupigia. Kule kujaza risasi upya ni jambo la kawaida na halali, watu hulifanya gerejini mwao jioni baada ya kazi. Hapa kwetu ni habari nyingine. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inataka cheti kwa bunduki na kwa risasi pia, na mimi sitaki hata ganda tupu lionekane kwenye meza yangu. Kwa hiyo aliponiambia angekuja likizo na maganda machache nimtazamie, nilimkataza palepale. Kazi yote tuliifanya kwa picha, kwa vipimo alivyonitumia kwenye simu, na kwa vipande vya shaba vya kazi zangu mwenyewe.

Kwanza ilibidi nielewe ganda lenyewe. Lina kitako, pale kiwashio kinapokaa. Lina mwili. Juu ya mwili lina bega, halafu shingo, halafu mdomo unaoshika risasi. Baruti ikiwaka, ganda hutanuka likabana kuta za chemba, ile nafasi ndani ya bunduki ganda linamokaa, kisha hunywea kidogo. Ili litumike tena ni lazima lisukumwe ndani ya kalibu ya chuma lirudi umbo lake. Hapo shaba iliyobanwa mwilini inatafuta njia, na njia iliyo wazi ni ya juu, kuelekea shingoni. Kama kalibu ina kile kidonge cha kutanulia shingo, nacho kikivutwa kutoka huivuta shingo pamoja nacho. Ganda linarefuka. Si kwa mengi, lakini kila mzunguko unaongeza chake.

Na urefu huo si suala la urembo. Chemba ya bunduki ina mwisho wake mbele ya mdomo wa ganda. Ganda likipita kiasi, mdomo hugonga pale, hukunjwa kwa ndani na kuibana risasi. Baruti inawaka, risasi haiachiwi kwa wepesi, na shinikizo linapanda kupita lile ambalo bunduki iliundwa kulihimili. Ndiyo maana kuna vipimo vilivyowekwa. Marekani vinatolewa na chombo cha watengenezaji kiitwacho SAAMI, kilichoundwa mwaka 1926. Ganda la 308 Winchester, mojawapo ya aina za risasi za bunduki, halitakiwi kuzidi milimita 51.18, na kawaida hupunguzwa hadi 50.93. La 223 Remington mwisho wake ni 44.70, hupunguzwa hadi 44.45. Tazama nafasi iliyopo kati ya hizo namba mbili: robo ya milimita. Kwa mkereza hiyo ni nafasi ya kutosha sana. Kwa mtu anayefanya kazi gerejini usiku na kifaa cha mkono ni nafasi anayoweza kuipoteza bila kujua.

Mpwa wangu alikuwa akitumia kifaa cha mkono, kile cha kuzungusha mpini kama cha kusagia kahawa. Kwa maganda ya kuwindia kilimtosha. Lakini alipoanza kulenga shabaha kwa 223, maganda yakawa ndoo nzima, na ujumbe ukanifikia: "Shikamoo mjomba. Kifundo cha mkono kimekufa ganzi. Nataka ya umeme, nisaidie kuchagua." Pamoja na ujumbe aliniletea picha za mashine nyingi na maelezo ya kila moja. Nilizisoma zote. Karibu kila tangazo lilianza na mota.

Alipokuja Mombasa kwa likizo nilimwita karakanani. Nilikuwa na kazi ya bushi zenye bega kwa ajili ya pampu za maji, zilizotokana na vipande vya kusubu, na vipande vya kusubu havilingani. Nilimpa vania, kile kipimio chetu cha milimita, nikamwambia azipime zile zilizokwisha, kutoka kitako hadi mdomo. Akasema, "Mjomba, hizi zimepishana." Nikamwambia apime tena, safari hii kutoka begani hadi mdomoni. Zote zikawa sawa. Nikampa fungu la pili, la mteja mwingine, ambazo nilizikata kwa kuzisimamisha kwa kitako. Hizo zikatoka kinyume: urefu wote sawa, bega linapanda na kushuka.

"Sasa zipi ndizo sahihi?" akaniuliza.

Nikamjibu kwamba inategemea bushi inakaa wapi. Fungu la kwanza linaegemea bega lake kwenye mwili wa pampu. Kilicho nyuma ya bega hakigusi kitu, kwa hiyo unene wake haunihusu. Fungu la pili linasukumwa hadi kitako kigonge mwisho wa tundu, kwa hiyo kitako ndicho mwanzo wa kila kipimo. Fundi aliyenifundisha kazi hakuniruhusu kuwasha kerezo kabla sijagusa kwa kidole uso ambao kipimo kinaanzia. Ukikosea uso huo, mota yenye nguvu itakukosea kwa haraka zaidi, basi.

Mashine za kupunguza maganda nazo zimegawanyika hivyohivyo. Kuna zinazoshika kitako. Hizi ni kerezo ndogo: ganda linabanwa kwenye ukingo wa kitako, pini inaingia shingoni kulinyoosha, na kisu kinasogea hadi kigonge kizuizi. Kampuni ya Forster na wenzake wametengeneza za aina hii kwa miaka mingi, na nyingine unaweza kuzifungia mota au drili. Mashine ya Wilson nayo iko upande huu, ila haishiki ukingo, huliingiza ganda ndani ya mkoba wa chuma unaolibana mwilini, kisha urefu unachukuliwa kutoka kitako. Kama mkereza nasema wazi kwamba mtindo huo wa kushika mwili unanipendeza kuliko wa kushika ukingo. Ukingo wa kitako ni mwembamba, na bunduki huuharibu kila inapolitoa ganda.

Halafu kuna zinazoegemea bega. Unalisukuma ganda kwa mkono, mdomo mbele, ndani ya tundu lenye umbo la bega. Bega likigonga, ganda haliendi tena, na kisu kinachozunguka ndani kinakula kilichozidi. Giraud ni ya aina hii na ina mota yake. Ile ya Little Crow ni kipande kidogo tu unachokifunga kwenye drili. Kasi yake inatokana na kitu kimoja: hakuna kufunga na kufungua. Unaingiza, unazungusha kidogo kwa vidole, unatoa.

Ipo na ya tatu, mfano wa ile ya Dillon, inayokaa juu ya presi yenyewe, ile inayolisukuma ganda ndani ya kalibu, na kukata wakati ganda limo ndani ya kalibu. Hiyo ni ya mtu wa maganda maelfu. Tuliipitia kwa haraka kwa sababu mpwa wangu si mtu huyo.

Sasa, ipi ina haki? Vitabu vya kujazia risasi hutoa urefu wote, kitako hadi mdomo, na mtu akisoma hivyo hudhani mashine ya kitako ndiyo pekee inayosema kweli. Nilikaa na jambo hili kwa muda. Ganda lisilo na ukingo uliochomoza, kama 308 au 223, ndani ya chemba linazuiwa na bega lake. Likisukumwa mbele, bega ndilo linalogonga kwanza. Maana yake nafasi iliyobaki kati ya mdomo na mwisho wa chemba inaamuliwa na umbali wa bega hadi mdomo. Ni ile bushi ya fungu la kwanza. Kwa maganda ya namna hiyo mashine ya begani inapima kutoka mahali ambapo bunduki yenyewe inapima, na nilipoliona hilo nilifurahi kama niliyepata funguo iliyopotea.

Kwa maganda yenye ukingo uliochomoza hadithi inageuka. Ile 303 ya Waingereza, ambayo wazee wetu waliokuwa King's African Rifles waliibeba, inazuiwa na ukingo wa kitako. Hapo mwanzo wa kipimo ni kitako. Na maganda yaliyonyooka kama bomba, mfano 45-70, hayana bega kabisa, kwa hiyo mashine ya begani haina pa kushika. Mpwa wangu ana rafiki mwenye 45-70, na huyo nilimwambia amwache na kifaa chake cha kitako.

Ila mashine ya begani ina sharti moja lisilokwepeka. Bega lazima liwe mahali pamoja kwenye maganda yote, na kinachoweka bega mahali pake ni kalibu. Kwa hiyo kalibu kwanza, kupunguza baadaye. Mtu akipunguza kabla ya kurudisha umbo, ametupa kazi yake, kwa sababu kalibu itabadilisha urefu tena. Na akichanganya maganda yaliyopitishwa kalibu siku hii kwa mpangilio huu na mengine kwa mpangilio mwingine, urefu wote utamtoka umepishana ingawa mashine haina kosa lolote.

Hilo tulilithibitisha kwa namba. Aliporudi kwake, wenzake wa uwanjani walimruhusu kujaribu mashine zao, moja ya kitako na moja ya begani, naye akanitumia vipimo vyote vimeandikwa kwa mpangilio. Maganda ya fungu moja, yaliyopita kalibu moja, yalipishana kidogo sana kwenye mashine ya begani, ndani ya kama milimita 0.05. Ya mchanganyiko yalipishana zaidi. Kwenye mashine ya kitako ya kubana ukingo, mchanganyiko haukudhuru, lakini kulikuwa na maganda mawili matatu yaliyotoka mafupi bila sababu ya kuonekana. Nikamwomba picha za vitako vyake. Kweli, ukingo ulikuwa na kovu lililochomoza pale mtoa-ganda wa bunduki ulipouma.

Kutokana na hapo niliona jambo ambalo nadhani linafaa kujulikana na kila anayenunua. Uchafu au kovu kwenye mashine ya kitako hulisukuma ganda kuelekea kisuni, kwa hiyo kosa lake hutoa ganda fupi. Uchafu kwenye tundu la begani hulizuia ganda lisifike, kwa hiyo kosa lake hutoa ganda refu. Refu ndilo la hatari. Mwenye mashine ya begani hana budi kupuliza tundu lake mara kwa mara na kufuta mafuta ya kalibu kwenye mabega kabla ya kukata, maana mafuta ndiyo yanayoshika chembe. Na anapopima sampuli, alitafute lile refu kuliko yote. Wastani haumwambii kitu.

Baada ya uso wa kupimia, kitu cha pili ni kisu, na hapa ndipo nilipokaa sana kuliko mpwa wangu alivyotarajia.

Shaba ya manjano si moja. Fimbo ninazonunua kwa bushi zimechanganywa kiasi kidogo cha madini ya risasi, karibu asilimia 3, makusudi ili zikatike vizuri. Kisu kikigusa, chembe zinaruka fupifupi, uso unabaki laini. Shaba ya maganda ni asilimia 70 ya shaba nyekundu na 30 ya zinki, bila hayo madini. Imeundwa kutanuka bila kupasuka, na kitu kinachopenda kutanuka hakipendi kukatwa. Kinavutika mbele ya kisu. Kisu kikiwa butu, mdomo wa ganda hubaki na ndevu kali ndani na nje, na ndevu za ndani hukwaruza risasi inapoingizwa. Kwa sababu hiyo mdomo uliokatwa lazima usafishwe pande zote mbili: ndani upewe mwinamo mdogo, nje uondolewe makali.

Ukihesabu kazi kwa uaminifu, kukata kwenyewe si kunakokula muda. Muda unakwenda kwenye kulishika ganda lilelile mara tatu: mara ya kukata, mara ya kusafisha ndani, mara ya kusafisha nje. Ndiyo maana nilimwambia mpwa wangu kwamba kati ya mashine yenye mota kubwa na kisu cha kawaida, na mashine yenye mota ya wastani na kisu cha pande tatu kinachokata, kuinamisha ndani na kuondoa makali nje kwa mguso mmoja, asisite hata kidogo. Achukue ya pili. Hizo zipo, Giraud ni mojawapo, na kisu chake ni cha kabaidi, kitu kigumu sana, kinachodumu na makali yake muda mrefu. Ubaya wa kisu hicho ni kwamba kukipanga kunahitaji subira. Ukiruhusu mwinamo wa ndani uwe mkubwa, mdomo unakuwa mwembamba kama wembe, na mdomo wembe hupasuka upesi. Mimi ningemtaka abakize kingo bapa inayoonekana kwa macho.

Mpwa wangu aliuliza kama kasi ya mzunguko ina maana. Ina maana, lakini si kama matangazo yanavyodai. Mtetemo ndio adui. Kisu kinachotetemeka huacha mawimbi mdomoni, na mtetemo hutokana na beringi za ekseli kulegea, au mashine kufungwa kwenye meza nyepesi, au mkono unaosukuma kwa pupa. Aifunge mashine kwenye meza nzito na aache kisu kikate kwa kasi yake. Masikio yatamwambia: sauti ikiwa moja tangu mwanzo hadi mwisho, mdomo utakuwa safi.

Chembe za shaba zinastahili heshima. Tunaofanya kazi hii tunajua jinsi zinavyoingia kwenye vidole zikakaa siku kadhaa, na jicho halina wa kulibadilisha. Sumaku haizishiki. Kwa hiyo miwani ya kazi lazima, na nilimwambia aangalie mashine kama ina mfuniko na mahali pa chembe kuangukia, au pa kuunganisha kifyonza-vumbi. Kubwa zaidi ni masizi yaliyomo ndani ya ganda lililopigwa. Viwashio vya kawaida vina madini ya risasi, na masizi yake ni sumu kwa watoto hasa. Ana binti mdogo anayependa kumfuata gerejini. Tulikubaliana: asifagie kavu, afute kwa kitambaa kibichi, asile wala asinywe humo, anawe kwa sabuni kabla ya kumgusa mtoto, na mlango ufungwe wakati wa kazi. Hili nilimsisitizia kuliko vipimo vyote.

Kuna jambo jingine lililonitia wasiwasi nikalisema. Shaba inayokatwa mdomoni haikuota pale. Imetoka chini, mwilini, karibu na kitako, na kila unapopunguza unaondoa shaba ambayo mwili umeipoteza. Mashine nzuri inaweza kumfanya mtu asahau hilo, kwa sababu ganda linatoka zuri, urefu sawa, mdomo unang'aa, na huku kuta zake juu kidogo ya kitako zimekonda. Likikatikia hapo ndani ya chemba, gesi ya moto inatafuta njia ya kurudi kwa mpigaji. Dalili ni mstari unaong'aa kuzunguka ganda juu ya kitako, na ukiingiza waya uliopindwa ncha ukaukwaruza ndani utasikia mfereji. Ganda la namna hiyo halipunguzwi. Linapondwa kwa koleo lisitumike tena, linatupwa kwenye shaba chakavu. Nilimwomba pia aandike kwenye kila kisanduku yamepunguzwa mara ngapi.

Umeme niupitie kwa ufupi. Alitaka kuniletea mashine kama hiyo nikatie vibomba vidogo. Nilimshukuru nikakataa. Ya kwao ni volti 120 na mzunguko wa hezi 60, yetu ni 240 na 50. Transfoma itashusha volti, lakini haibadilishi mzunguko, na mota ya induksheni ya hezi 60 ikilishwa 50 inapoteza karibu sehemu moja ya sita ya kasi yake na inapata joto zaidi. Kwa joto la Shimanzi mwezi wa Februari, sitaki mota inayoanza kazi ikiwa tayari imechoka.

Na wapo wasiohitaji mashine ya umeme. Mtu anayewinda tu, anayepiga risasi chache kwa mwaka, kifaa cha mkono kinamtosha, na pesa zake azielekeze kwenye vania nzuri. Vania mbovu inaharibu kazi ya mashine yoyote. Pia mtu mwenye bunduki za aina nyingi ajue kwamba mashine ya begani inataka kishikio chake kwa kila aina ya ganda, na visu hupangwa upya kila unapobadilisha. Ile ya kitako hubadilika kwa wepesi zaidi. Mwenye aina moja au mbili na maganda mengi ndiye ambaye mashine ya begani inamfaa hasa, na mpwa wangu alikuwa huyo.

Alinunua ya begani yenye kisu cha pande tatu, na vishikio viwili, cha 308 na cha 223. Siku ya kuipanga tulikuwa kwenye simu ya video, kwake asubuhi, kwangu jua linaelekea kuzama na vijana wamekwisha kufunga milango ya mbele. Nilimwambia aanze na kisu kikiwa mbali, ganda litoke refu makusudi, kisha ashuke polepole, apime kila anapogusa parafujo, maana shaba iliyokatwa hairudishwi. Alipofika 44.45 alikaza, akakata mengine kadhaa, akapima tena kuona kama kukaza kumesogeza kitu. Kulikuwa kumesogeza. Akalegeza, akarudia, safari hii akakaza kidogo kidogo pande zote, na kipimo kikatulia. Ganda moja kati ya hayo aliliweka kando na kuliandika kwa kalamu ya wino. Kila anapoanza kazi hulipitisha hilo kwanza: kisu kikiligusa au kikaliacha kwa mbali, anajua mpangilio umehama.

Majuzi ameniuliza kuhusu kunoa. Kisu kimeanza kuacha ndevu nyembamba upande wa nje. Nimemwambia asiguse kabaidi kwa tupa wala jiwe la kawaida, hayataikata, yataivunja kingo. Inataka gurudumu la almasi na mtu anayejua kulitumia, na kila ukingo uondolewe kiasi kilekile, vinginevyo kisu kitakula upande mmoja. Kama hapati fundi wa namna hiyo karibu, akirudishe kwa waliokitengeneza au anunue kingine, na wakati huo atumie kifaa cha mkono.